Sura ya Tisa: Jaketi la Mtu wa Mwisho

Inspekta hakuwahi kuwa na ugomvi na baiskeli mpaka kesi hii ilipomwangukia. Sasa zilijaa ua mzima wa kituo, zimeegemezwa ukutani na vumbi lake jekundu, na kila alipokatiza kwenda ofisini mwake alijigonga muundi kwenye kanyagio la mojawapo. Alikuwa mama wa umri wa kukaribia kustaafu, na magoti yake yalikuwa yameshatangulia kustaafu kitambo.

Baiskeli moja tu ilisimama peke yake, imezungushiwa utepe. Ilikuwa ya kukodi kama zile nyingine, ila kwenye usukani ilifungwa kengele kuukuu ya shaba. Aliyeikodi aliing'oa kwenye baiskeli ya kazini siku alipostaafu, akaja nayo likizo. Maisha yake yote alikuwa amepeleka barua za watu kwa baiskeli, ndiyo maana kundi zima lilimwita Tarishi. Sasa Tarishi alikuwa kwenye chumba cha maiti cha hospitali ya mji, akisubiri ndege ya kesho.

Mambo yalikuwa hivi. Kundi la watalii lilikuwa likizuru miji mikongwe kwa baiskeli, kutoka mji wa ngome hadi mji wa visima, na katikati ya miji hiyo hapana kitu ila jangwa. Juzi alfajiri waliondoka kwenye magofu ya nyumba ya misafara, walikolala. Mbele ya safari kuna njia panda. Ukikata kushoto, unafika mjini. Ukinyoosha, unaingia njia ya malori ya machimbo yaliyofungwa zamani, na huko hata mbuzi haendi. Wote walikata kushoto, Tarishi akanyoosha. Walimtafuta upande wa kushoto mpaka adhuhuri ikapita, na walipokuja kufikiria upande wa pili, jua lilikuwa limeshamaliza kazi yake.

Binti yake alikuwa ofisini kabla ya Inspekta kuvua kofia.

"Kaa, mwanangu."

"Nimekaa tangu juzi, mama. Nimechoka kukaa."

Akakaa hata hivyo. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke wa makamo mwenye mikono isiyotulia. Alitoa pipi ya tangawizi mfukoni, ya karatasi ya kijani, akamsogezea Inspekta moja na kuimenya nyingine. Pipi yenyewe hakuila. Karatasi aliisokota ikawa nyembamba kama uzi, kisha akaipiga fundo.

"Za baba hizi. Nilikuwa natapika kwenye gari nikiwa mdogo. Mpaka leo hasafiri na mimi bila kuninunulia." Alisikia alivyosema, akajirekebisha. "Alikuwa hasafiri."

"Nieleze ya njia panda."

"Nimeshamweleza koplo wako mara tatu."

"Ya nne ni yangu."

Binti akavuta pumzi. "Daktari wa meno ndiye alikuwa amesimama kwenye kona. Kazi yake ilikuwa kusimama pale mpaka tuishe kupita. Mimi niko mbali bado, akainua mkono juu, kama anayesema kwaherini. Akapanda baiskeli akaenda zake. Niliona mgongo wake, nikamfuata. Baba alikuwa nyuma yangu. Baba alipofika hapo hakukuta mtu."

"Una hakika ni daktari?"

"Ana kofia ya njano, ni yeye peke yake. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, mezani, alimwambia baba kwamba wazee wakae kwenye gari la mizigo wasiwacheleweshe wenzao. Mbele za watu." Fundo la karatasi lilikatika mkononi mwake. "Usinifiche kitu, mama. Mimi ni muuguzi. Najua joto linavyomuua mtu. Halimuui haraka. Nataka tu kujua nani alimwacha baba yangu, nijue wa kumchukia. Kesho napanda naye ndege. Sitaki kupanda bila jibu."

Inspekta alimwahidi jibu kabla ya jioni. Baadaye alijuta kuahidi.

Koplo alikuwa na jibu tayari, amelibeba mlangoni kama chai ya moto. "Afande, kesi imekwisha. Ugomvi upo, shahidi yupo, mtu mwenyewe yuko mahabusu. Tunangoja nini?"

"Tunangoja akili ziturudie," alisema Inspekta. "Mlete."

Daktari wa meno aliingia amevaa viatu visivyo na kamba, kwa sababu mahabusu kamba hunyang'anywa. Alikuwa mtu wa sauti ya kuzoea kusikilizwa na watu waliofumbua midomo, lakini usiku mmoja wa sakafu ya saruji ulikuwa umeipunguza.

"Nilisema maneno yale," alianza kabla ya kuulizwa. "Siwezi kuyakana. Nilikuwa nimechoka, mdomo ukaponyoka. Lakini kona sikuiacha, Inspekta."

"Binti anasema uliondoka akiwa mbali bado."

"Niliondoka nilipoona jaketi. Hiyo ndiyo sheria! Kiongozi akifika kwenye kona anamwacha aliye nyuma yake, asimame awaonyeshe wengine njia. Pasiposimama mtu, unanyoosha tu. Nyuma ya watu wote anakuja Mkia. Jaketi la rangi ya chungwa ni lake peke yake, hata msafara ukiwa na vumbi kiasi gani utaliona. Ukiliona unainua mkono. Na yeye akiinua wake, anakwambia kwamba nyuma yake hakuna mtu. Hapo unaondoka, uwahi mbele. Tulifanya hivyo tangu mji wa ngome, kona baada ya kona."

"Kwa hiyo uliona jaketi."

"Niliona jaketi, nikainua mkono, jaketi likainua mkono. Ningekuwa na haja gani ya kusubiri tena?"

"Uso wake uliuona?"

"Uso gani, Inspekta? Upepo ulikuwa unamwaga mchanga. Sote tulijifunga vitambaa mpaka machoni na miwani juu yake." Akaangalia viatu vyake. "Nilikusudia kumwomba radhi yule mzee tukifika mjini. Nilikuwa nimeshapanga na maneno."

Koplo alimrudisha ndani. Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Mfa maji haachi kutapatapa, afande."

"Niitie huyo Mkia."

Mkia alikuwa mwanamume mkimya wa miguu mirefu, baba wa watoto wanne, aliyepata riziki yake kwa kupanda baiskeli nyuma ya watu wanaopanda vibaya. Alimwamkia Inspekta, akabaki amesimama. Kwenye mikono yake, kuanzia mabegani hadi vifundoni, ngozi ilikuwa imebabuka na kupakwa dawa nyeupe.

"Nani alikuwa wa mwisho juzi?"

"Mimi, afande. Wa mwisho kabisa."

"Na Tarishi?"

"Mbele yangu. Alipenda kuachiwa nafasi, anapiga kengele yake. Nikiisikia najua yupo. Mnyororo wangu ukachomoka, nikasimama kuurudisha, na upepo ukazidi. Kengele sikuisikia tena."

"Ulipofika kwenye kona?"

"Sikukuta mtu. Nikadhani wote wamepita salama. Nikakata kushoto, njia naijua." Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Sikukuta mtu, afande. Hilo naweza kuapa."

Inspekta alimwamini, na hapo ndipo penye tabu. Na maneno ya daktari pia aliyaamini. Mmoja alisema hakuondoka mpaka alipomwona mtu wa mwisho. Mtu wa mwisho akasema alipofika, mwenzake ameshaondoka. Watu wawili hawawezi kusema kweli mbili zinazogombana, isipokuwa kama kuna ya tatu imejificha katikati yao.

"Koplo, lete lile jaketi kwenye stoo ya vielelezo. Na baiskeli moja. Twende huko huko."

"Baiskeli ya nini, afande?"

"Ya kupanda wewe. Magoti yangu hayamo kwenye upelelezi huu."

Njia panda haikuwa na kitu cha kuonyesha kwamba mtu alipotea hapo. Barabara ya mchanga mgumu ilitoka kwenye magofu, ikafika kwenye jiwe jeupe na kugawanyika. Inspekta alisimama mahali aliposimama daktari, Mkia pembeni yake, na Koplo akatumwa arudi nyuma hadi kwenye kibonde cha mwisho, avae jaketi, ajifunge kitambaa usoni, aje.

Alikuja akiyumba kama ng'ombe aliyepewa baiskeli. Upepo ulikuwa wa kawaida tu, lakini hata hivyo Inspekta hakuona koplo. Aliona rangi ya chungwa. Alijua ni koplo kwa sababu yeye ndiye aliyemtuma. Aliinua mkono. Rangi ile ikainua mkono, ikapepesuka, nusura ianguke.

"Ningeondoka," alisema Inspekta polepole. "Na mimi ningeondoka."

Koplo alifika anahema, jasho linamtiririka. "Afande, mtu anayelivaa hili jangwani ana roho ya paka. Mikono imeloa mpaka kwenye kucha! Linaziba kila mahali."

"Linaziba mikono yote?"

"Yote, afande. Angalia."

Inspekta hakuangalia jaketi. Aligeuka akaangalia mikono ya Mkia, ile ngozi iliyobabuka kuanzia begani, na dawa nyeupe juu yake.

"Mfukoni mna kitu?" alimwuliza Koplo.

Koplo alipekua. Mfuko wa kulia ulikuwa na mchanga tu. Katika wa kushoto alitoa karatasi mbili za kijani, zimesokotwa kama uzi na kupigwa mafundo. Aliziweka kiganjani akazitazama bila kuelewa. Inspekta alielewa. Alizipokea, akazifunga ndani ya ngumi.

"Ulimpa lini?" alimwuliza Mkia.

Mkia alikaa chini palepale mchangani.

"Wakati wa kuondoka, afande. Baridi ya alfajiri ilikuwa inakata, na binti alikuwa na kiblauzi tu, meno yanamgongana. Mzee akaja kwangu. Akaniambia, mwanangu, niazime koti lako, mtoto wangu anaganda. Mtoto wangu! Mwanamke mzima yule, kwake bado mtoto. Nitamnyima vipi? Alimvisha mwenyewe, akamfunga zipu mpaka kidevuni. Nikasema jua likichomoza nitalichukua. Halafu mnyororo ukachomoka."

"Na binti akatangulia nalo."

"Akatangulia nalo. Alinirudishia mjini, akanishukuru. Hajui, afande. Sheria alizisikia siku ya kwanza kama wengine, lakini nguo ukishaivaa huioni rangi yake. Anajua tu kwamba baba yake alimfunika." Alijifuta uso kwa bega lililobabuka, akajiumiza. "Kwa nini sikusema? Ningesema nini? Nimwambie binti wa watu kwamba yeye ndiye alimwondoa daktari kwenye kona? Nifungeni mimi. Kosa ni langu, jaketi halikuwa la kutoka mwilini mwangu. Ila yeye msimwambie."

"Na daktari je? Aendelee kulala kwenye saruji, au arudi kwao akiitwa muuaji?"

Mkia aliinuka, akajikung'uta mchanga.

Walikwenda mpaka mahali mzee alipokutwa. Ilikuwa mbele kidogo kwenye njia ya machimbo, panapogawanyika tena, pana ukuta uliobomoka. Inspekta alikwisha kupaona, lakini safari hii alipatazama kwa jicho jingine. Mtu aliyepotea jangwani huhangaika. Nyayo zake huzunguka na kujikanyaga. Tarishi hakuhangaika. Alama zake zilitoka kwenye njia hadi ukutani, basi. Baiskeli ilikutwa imesimamishwa vizuri, na yeye ameketi kando yake, uso umeelekea alikotoka.

"Alikuwa anafanya nini hapa?" aliuliza, ingawa alishaanza kujua.

"Alitii," alisema Mkia. "Ukiwa na shaka usiendelee, usirudi. Kaa kwenye kona uliyofika, usubiri jaketi. Hiyo nayo ni sheria yetu. Alikuwa tarishi, afande. Sheria za njia alizishika kuliko sisi tuliozitunga."

Kwenye gari wakirudi, Koplo alijikohoza.

"Afande, tukimwandika Mkia kwa uzembe na daktari tukamwachia, kesi inafungika. Binti tunamwambia upepo ulikuwa mkali, basi. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba daktari ataeleza alichokiona, na ana haki ya kueleza. Binti leo hamsikii, mwaka kesho atamsikia, yuko peke yake, hana wa kumshika mkono. Njia ya mwongo ni fupi, koplo, hata akiwa mwongo mwenye huruma." Akageukia dirishani. "Na nilimwahidi."

Binti hakuwa ofisini. Alikuwa uani, amekaa kwenye kizingiti karibu na ile baiskeli yenye utepe, anaifuta kengele ya shaba kwa ncha ya kitambaa chake. Askari wa zamu alikuwa amemwona, akajifanya hajamwona. Inspekta naye hakumkataza. Alijishusha kizingitini polepole, magoti yakilalamika, akakaa ubavuni mwake kama mama na mwanawe.

"Umepata jibu," alisema binti. "Nakuona usoni."

"Kuna swali moja sikukuuliza asubuhi. Daktari alipoinua mkono, wewe ulifanya nini?"

"Mimi?"

"Wewe, mwanangu."

Binti alifikiri. Mkono wake wa kulia uliinuka kidogo kutoka kwenye kengele, wenyewe, kama unaokumbuka kabla yake.

"Nilimwinulia wangu. Nilidhani anataka yale ya mezani yaishe. Baba kanilea hivyo, mtu akikusalimu, hata kama ni mbaya wako, mwitikie." Akamtazama Inspekta. "Kwani kumwitikia kuna kosa?"

"Hakuna kosa."

"Basi mbona unaniangalia hivyo?"

Inspekta alifungua ngumi. Karatasi mbili za kijani zilikuwa zimeloa jasho la kiganja chake. "Zilikuwa kwenye mfuko wa jaketi la Mkia," alisema.

Aliona lile jambo likimwingia binti polepole, kama maji yanavyoingia mchangani. Kwanza aliangalia karatasi. Halafu akaangalia mikono yake mwenyewe, akaipitisha kwenye mabega, kwenye kifua, mpaka kidevuni, pale zipu ilipoishia. Inspekta alimshika begani akamvuta kwake, na ikamtoka binti sauti ya chini, ya mtu mzima aliyerudi kuwa mtoto.

"Alinifunga yeye mwenyewe. Nilimwambia sitaki, litanifanya mnene. Akasema vaa, baridi haijui mwembamba."

"Najua."

"Mimi ndiye niliyemwacha."

"Hakuna aliyemwacha. Sikiliza vizuri, maana hili ndilo jibu nililokuahidi. Daktari alifuata sheria. Mkia alimhurumia mtoto wa mtu. Wewe uliitikia salamu. Na baba yako alimfunika mwanawe. Nimetafuta ubaya kwa wote, mwanangu, sikuuona. Ningeuona ningekuletea."

Binti alilia mpaka kilio kikapungua chenyewe. Kisha akauliza kama muuguzi anayeuliza juu ya mgonjwa wa wodi nyingine. "Alijua? Pale alipokaa, alijua kilichotokea?"

Katika kazi yake Inspekta alikuwa ameulizwa mengi na ndugu wa marehemu, na mengine aliyajibu kwa kuyapunguza makali. Hili hakulipunguza wala kulizidisha.

"Sidhani. Alikaa vizuri, uso ameelekeza njiani. Ni mtu aliyeamini anakuja kuchukuliwa."

Mlango wa ndani ulifunguliwa. Koplo alikuwa amemtoa daktari wa meno, na uso wa daktari ulionyesha ameshaambiwa kila kitu kule koridoni. Daktari alitokeza juani, kamba za viatu zimening'inia mkononi, kofia ya njano kwapani. Alimwona binti upande wa pili wa ua, ng'ambo ya baiskeli zote zile, akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Nilimwita muuaji," alinong'ona binti. "Mbele ya kundi zima."

"Anajua kwa nini."

Binti alijipangusa uso kwa kitambaa kilichonuka shaba. Akainuka. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo aliinua mkono.

Daktari akauangalia ule mkono. Kisha akainua wake, kamba za viatu zikining'inia. Safari hii hakuondoka. Alisimama palepale, mkono juu, binti akipita katikati ya baiskeli moja baada ya nyingine, mpaka alipomfikia.